Ngurumo Hazifuti Tena Namba za Dafrosa

Saa nane na dakika kumi mchana, ngurumo ya kwanza inapita juu ya kijiji cha Maguu, milimani Mbinga, na mabati ya nyumba ya kikundi yanatetemeka. Dafrosa Kinunda anainuka, anachomoa waya wa kompyuta, anachomoa wa ruta, anachomoa wa dishi lililoko juu ya paa, kisha anarudi kwenye kiti chake na kuiweka mikono mapajani.

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri zamu wanasogea mbali na dirisha. Mmoja wao, mzee mwenye koti la mvua, anachukua kitenge kilichotundikwa msumarini na kukifunika kioo cha kompyuta, kama anavyofunika kioo cha kujitazamia nyumbani kwake radi zinapoanza.

"Funika tu, baba," Dafrosa anamwambia. "Kitenge hakina ubaya."

Mvua inapiga dakika arobaini. Inapokatika, anachomeka nyaya zile moja moja, anafunua kioo na kusubiri taa ya kijani kwenye ruta itulie. Halafu anaandika jina la ukurasa wa bei za mnada wa kahawa. Ukurasa unafunguka.

"Umeshaziandika zile namba?" mzee anauliza.

"Namba gani tena, baba? Zile siziandiki tangu Desemba."

Pembeni ya dirisha bado ipo karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya unga, kingo zimelika, wino umefifia. Ina namba mbili ndefu zenye nukta katikati. Kwa muda wa mwaka mzima na zaidi, Dafrosa aliziandika namba hizo kwenye kompyuta kila asubuhi, na wakati wa masika mara tatu au nne kwa siku, na kila mara zilifutika zenyewe. Kwa ajili ya namba hizo nusura anyang'anywe ufunguo wa chumba hiki.

Dafrosa ana miaka arobaini na mitatu. Ni mama wa watoto wanne, na wengi hapa wanamwita Mama Izidori kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alimaliza darasa la saba, akachaguliwa kuendelea na masomo, lakini ada haikupatikana, akaenda shambani. Ufunguo wa chumba anauvaa shingoni kwenye uzi mmoja na medali ya Bikira Maria.

Chumba ni mali ya Kikundi cha Mshikamano, wakulima wa kahawa mia mbili na kumi na wawili wa Maguu na vitongoji vya jirani. Kikundi kinamlipa shilingi elfu arobaini na tano kwa mwezi. "Mwezi wa kulipwa," anaongeza mwenyewe, "maana ipo na miezi ya kuvumiliana."

Kompyuta ni moja. Ililetwa mwaka 2008 na marafiki wa parokia, ikiwa imekwisha kutumika kwingine, nayo haiendeshwi na Windows waliyoizoea watu wa mjini. Inaendeshwa na mfumo uitwao Linux, ambao hauuzwi. Anayeutaka huuchukua bure. Umeme wake ni wa sola.

Mtu wa mbali anaweza kuuliza wakulima wa kahawa wanataka nini kwenye mtandao. Jibu lipo barabarani. Tangu soko lifunguliwe, magari ya wanunuzi binafsi yanapanda huku kila msimu, na kila gari linapanda na bei yake. Mkulima asiyejua mnada wa Moshi umesema nini wiki ile, anapokea anachoambiwa.

"Mnunuzi akikwambia kahawa imeshuka duniani, utambishia kwa kitu gani? Kwa sura?" anauliza Dafrosa. "Sisi tunambishia kwa karatasi."

Karatasi hiyo ndiyo anayoitoa kila Ijumaa na kuibandika kwenye mlango wa ghala. Msimu wa mwaka 2009 kuna wiki tatu hakuibandika kwa sababu mtandao haukufunguka. Katika wiki hizo tatu, wanachama waliouza kwa magari walikuja kugundua kwamba walipunjwa hadi shilingi mia saba kwa kilo. Lawama zote zikaja kwenye chumba hiki.

Tatizo lenyewe, ukilieleza kwa lugha ya nyumbani, ni hili. Kompyuta haijui majina ya kurasa. Inajua namba. Ukiiandikia jina, huenda kwanza kwa seva ya majina, kompyuta nyingine inayotunza orodha ya kurasa na namba zake, kuuliza, "Huyu anakaa wapi?" Seva huijibu kwa namba, ndipo kompyuta inakwenda.

"Ni kama balozi wa nyumba kumi," anafafanua Dafrosa. "Mgeni akifika hapa hamjui mtu, anaulizia kwa balozi. Sasa sisi balozi wetu alikuwa amehama."

Kampuni ya kwanza iliyowaunganisha na setilaiti ilifunga biashara miezi michache tu baada ya kuanza. Ikaja nyingine, ikatumia dishi lilelile, ikawapa namba mpya za seva ya majina. Lakini ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao chumbani, kilibaki cha zamani kwa kuwa kikundi hakikuwa na uwezo wa kununua kingine. Nacho kiliendelea kuitajia kompyuta balozi wa zamani. Kompyuta inakwenda, inabisha hodi, ndani hakuna mtu.

Wakati huo hakuna aliyeyajua hayo Maguu. Aliitwa fundi kutoka Mbinga mjini, kijana hodari mwenye duka la kutengeneza simu na redio, jina lake Fakihi, ambaye wazee wake walitoka Kilwa. Alikuja na pikipiki, kwa shilingi elfu arobaini, akakuta faili dogo lenye namba za balozi wa zamani. Akazifuta, akaandika mpya. Mtandao ukafunguka. Watu wakapiga makofi.

Asubuhi iliyofuata namba za zamani zilikuwa zimerudi.

"Nilimpigia simu," anakumbuka Dafrosa. "Akanielekeza jinsi ya kuandika, herufi kwa herufi. Nikaikariri kama Baba Yetu. Ikawa ndiyo kazi yangu: nafika, nasali, nawasha, naandika namba. Mwingine anawasha jiko, mimi naandika namba."

Kiangazi kazi hiyo ilikuwa mara moja kwa siku, akaizoea. Mvua zilipoanza mambo yakawa mengine. Asubuhi anaandika, saa sita zimefutika. Anaandika, saa tisa zimefutika. Fundi Fakihi, alipoulizwa, alisema radi za milimani zinachanganya kumbukumbu ya mashine, na kwamba dawa ni kuitoa Linux na kuweka Windows. Wengine walisema mengine, ya chini chini, ya kutazamana machoni. Mama mmoja aliwahi kuleta maji ya baraka akanyunyiza mlangoni.

"Maji ya baraka nilipokea, nayaheshimu," anasema Dafrosa. "Lakini nilimwambia, mama, Mungu ametupa na macho pia. Tuyatumie yote mawili."

Oktoba 2009 mwenyekiti wa kikundi, Mansuetus Ndunguru, aliingia chumbani akakuta kompyuta imekwama na watu sita wamekaa kwenye benchi. Dafrosa anayarudia maneno yake bila kuyapunguza.

"Mama Izidori, mashine hii imekushinda. Si kosa lako. Ni darasa."

"Darasa la saba si ugonjwa, Mwenyekiti."

"Sikusema ugonjwa. Nasema kila mzigo una bega lake."

"Na bega langu umelipima lini?"

Watu wa benchi walicheka, na mwenyekiti hakupenda. Kabla ya kutoka alimwambia kwamba Fakihi ameomba kupangishwa chumba: ataweka Windows, ataleta mashine ya fotokopi, bei za mnada atazitoa yeye kwa malipo. Mkutano mkuu wa tarehe kumi na mbili Desemba ungeamua. Siku hiyo Dafrosa aje na ufunguo mkononi.

Mzee Mansuetus mwenyewe, akiwa na miaka sitini na nane, hakatai kwamba alisema hivyo. "Nilisema, ndiyo. Mimi nina wanachama mia mbili wananililia. Ningesubiri muujiza?"

Dafrosa hakusubiri muujiza. Alinunua daftari la kurasa arobaini na nane. Upande wa kushoto akaandika kila saa namba zilipofutika. Upande wa kulia akaandika kilichotokea kabla: nani aliingia, nani aligusa nini, jua au mvua, radi au kimya.

Daftari hilo analo hadi leo. Mwandiko wake ni wa darasani, umesimama wima. Ukurasa wa tano kuna mstari aliouzungushia duara: *Jumanne. Radi kubwa saa saba. Nilikuwa kwenye mazishi, mlango umefungwa, hakuna aliyechomoa. Nimerudi saa kumi. Namba zipo.*

Hapo ndipo alipoanza kutilia shaka kile ambacho kila mtu alikuwa na hakika nacho.

Kwa maana hapa Maguu radi inaheshimiwa. Inaua ng'ombe, imeua watu. Ikinguruma tu, redio inazimwa, kioo kinafunikwa, mwenye nguo nyekundu anaivua. Chumba cha mtandao kilifuata desturi hiyohiyo: yeyote aliyekuwa karibu alikimbia kuchomoa nyaya na kufunika kompyuta kwa kitenge. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa wa kwanza. Hadi Jumanne ile hakuna aliyedhani kuchomoa ni jambo la kuandikwa daftarini, kama vile mtu haandiki kwamba amepumua.

Siku iliyofuata, jua kali, mbingu nyeupe, Dafrosa aliandika namba, akahakikisha mtandao unafunguka, kisha akachomoa ruta peke yake. Akahesabu Salamu Maria kumi. Akachomeka tena.

Namba zilikuwa zimefutika.

"Nilirudia mara tatu. Mara tatu zote. Nikasema, kumbe radi tunaisingizia bure. Ni mikono yetu."

Wifi yake, Otilia, ambaye analima naye, alipoelezwa hakuona faida. "Sasa umegundua nini? Tuache kuchomoa tuungue?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Jibu alilipata wiki hiyohiyo shambani, na si kwa ndoto.

Wamatengo, wenyeji wa milima hii, wanalima ngoro. Mgeni akipita barabarani huona mlima wote umetobolewa vishimo vya mraba kama sega la nyuki. Majani hulazwa kwa mistari inayokatana, udongo wa katikati huchimbwa na kufunika majani, linabaki shimo na matuta pande nne. Maji ya mvua huingia shimoni yakatulia, hayabebi udongo. Maharage na mahindi hukaa juu ya matuta.

Ngoro moja ya Dafrosa, upande wa juu, tuta lake lilikuwa limebomoka mara mbili. Mara mbili walilijaza. Siku hiyo lilikuwa limebomoka tena, na Otilia alishika jembe alijaze mara ya tatu.

"Nikamwambia, weka jembe chini, wifi. Tuta hili halina kosa. Tupande juu tukaone maji yanatoka wapi."

Walipanda. Wakakuta mtu amekata njia mpya ya ng'ombe juu ya shamba lao, na njia ile ndiyo inayokusanya maji na kuyamwaga yote mahali pamoja.

"Nilisimama pale na matope magotini, nikajiona mjinga," anasema Dafrosa. "Mwaka mzima kwenye ile kompyuta mimi ninajaza tuta. Naandika namba, zinabomoka, naandika. Sijapanda juu hata siku moja."

Jioni alirudi chumbani akalifungua lile faili dogo, safari hii si kuandika, ila kulisoma. Juu kabisa, kabla ya namba, palikuwa na mstari wa Kiingereza ambao fundi na yeye walikuwa wakiuruka kila siku. Alichukua kamusi ya mwanawe Izidori, akautafuta neno kwa neno. Ilimchukua kama robo saa.

Mstari ulisema kwamba faili lile limetengenezwa na Meneja wa Mtandao.

"Nilicheka peke yangu hadi machozi. Mwaka mzima tunamsahihishia karani barua, kumbe barua inaandikwa na meneja! Karani unamsahihisha, meneja akija anaandika upya. Utamlaumu karani?"

Ndivyo ilivyo kweli. Katika kompyuta ile imo programu inayosimamia mtandao, na jina lake ni hilohilo, meneja. Kila ruta inapozimika na kuwaka, iwe imezimwa usiku au imechomolewa mchana, meneja huenda kuiuliza habari zote upya: anwani, njia, na balozi wa majina ni nani. Ruta humtajia wa zamani. Meneja, ambaye ni mtiifu, hulifuta faili lote na kuandika alichoambiwa. Aliyeandika kwa mkono wake humo, kazi yake imepotea.

Wazo la kwanza la Dafrosa lilikuwa kuirekebisha ruta yenyewe ili itaje balozi mpya. Ilimdai neno la siri. Aliyelijua alikuwa fundi wa kampuni ya kwanza, na kampuni ilikwisha ondoka. Namba yake ya simu haikupatikana.

"Hiyo ilikuwa njia ya ng'ombe ya jirani," anasema. "Shamba la juu si langu, siwezi kuifunga. Lakini hakuna anayenikataza kuweka kinga kwenye mpaka wangu."

Akamtafuta meneja. Alibonyeza kila alama kwenye kona ya juu ya kioo, moja baada ya nyingine, kila kitu akikiandika daftarini ili ajue njia ya kurudi. Siku ya tatu alimkuta: dirisha dogo lenye mahali pa kuchagua namna ya kupokea habari za ruta. Palikuwa na chaguo la kupokea kila kitu na chaguo la kuandika kila kitu mwenyewe.

Alichagua la kuandika mwenyewe. Kompyuta ikawa bubu kabisa, hata zile namba za karatasini hazikuiamsha, kwa kuwa sasa ilidai na anwani na njia ambazo Dafrosa hakuzijua.

Zilikuwa zimebaki siku saba kufikia mkutano. Anakiri kwamba usiku huo hakula. "Nilijua wakija kesho wakakuta hivi, hawatangoja hata hiyo tarehe kumi na mbili."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Alisali misa ya kwanza, akaenda moja kwa moja chumbani na kamusi. Daftari lilimrudisha alikotoka. Safari hii alisoma machaguo yote, si lile la juu na la chini tu, akaona lipo la katikati: pokea anwani peke yake kutoka kwa ruta, namba za balozi andika mwenyewe. Akazinakili zile mbili za karatasi ya ukutani. Akahifadhi.

Akachomoa ruta. Salamu Maria kumi. Akachomeka.

Namba zilikuwepo. Akazima kompyuta yote, akaiwasha. Zipo. Akachomoa kila kitu chumbani, akatoka nje, akazunguka nyumba mara moja, akarudi. Zipo.

Hakumwambia mtu. Si mwenyekiti, si Otilia. Anaeleza sababu kwa sauti ya chini: "Ningesema, wangesema imejiponya yenyewe. Nilitaka waione ikichomolewa na mikono yao wenyewe."

Tarehe kumi na mbili Desemba ghala la kikundi lilijaa. Meza ya kompyuta ilihamishiwa mlangoni mwa chumba, pale ghala na chumba vinapopakana, ili fundi Fakihi awaonyeshe wanachama atakachofanya. Alikuja na shati la mikono mirefu na mkoba wa diski. Alimwamkia Dafrosa kwa adabu.

"Shikamoo, Mama Izidori."

"Marahaba, baba. Umekuja kunizika?"

"Ah, mama! Sina ugomvi na wewe. Ni biashara tu."

"Biashara njema. Ila hakikisha aliyekufa amekufa."

Mwenyekiti aliisoma ajenda. Aliposema kwamba Mama Izidori amejitahidi lakini teknolojia inataka wasomi, sauti kutoka nyuma ilisikika, "Mrudishieni jembe lake!" Kicheko kikazunguka ghala.

Dafrosa alisimama. "Jembe ninalo, wala sijaliacha. Wewe uliyesema, msimu huu nani alikupa bei kabla hujauza? Au ulimwuliza dereva wa gari?"

Kabla mwenyekiti hajaendelea, ngurumo ikapita.

Waliokuwepo wanasimulia mpaka leo. Mzee Mansuetus aliruka kutoka kitini, akachomoa waya wa kompyuta, wa ruta na wa dishi, akatupa kitenge juu ya kioo. Wanachama wakasogea katikati ya ghala. Mvua ikanyesha karibu saa nzima, na kwa sababu ya kelele za mabati hakuna aliyezungumza. Dafrosa alikaa mbele ya ile kompyuta iliyofunikwa, akisali rozari yake.

Mvua ilipokatika, mwenyekiti alisema, "Haya, ndiyo yaleyale. Hiyo imekwisha futika. Fundi, njoo."

"Ngoja kwanza, Mwenyekiti," alisema Dafrosa. "Wewe ndiye uliyechomoa. Chomeka wewe."

Mzee alichomeka. Taa ikapepesa, ikatulia. Dafrosa akamwomba aandike kwa mikono yake jina la ukurasa wa mnada. Aliandika kwa kidole kimoja, taratibu, ghala zima likimtazama. Bei za wiki ile zikatokea.

Fakihi alisogea. "Mama, umeandika namba saa ngapi?"

"Sijaandika."

"Lazima umeandika."

"Mikono yangu ilikuwa na rozari, na watu hawa wote ni mashahidi. Chomoa na wewe."

Alichomoa. Akachomeka. Ukurasa ukafunguka. Akachomoa tena, safari hii akasubiri zaidi, akachomeka. Ukafunguka. Mara ya tatu aliukalia tu mkoba wake wa diski na kuanza kucheka. "Wallahi, Mama Izidori, umenifunga bao. Radi imekwenda wapi?"

"Radi ipo palepale. Wewe ulisahihisha barua kwa karani, mimi nimekwenda kwa meneja."

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Haikuwa kauli moja. Watu thelathini na wawili bado walitaka fotokopi. Lakini waliobaki, zaidi ya mia, walisema chumba kisipangishwe. Mzee Mansuetus alitamka kwa ufupi, "Ufunguo ukae ulipo." Dafrosa alikuwa ameushika mkononi kama alivyoagizwa. Aliurudisha shingoni mbele yao.

Toka siku hiyo hakuna Ijumaa iliyopita bila karatasi mlangoni mwa ghala. Mwenyekiti bado anachomoa nyaya ikinguruma, na bado anafunika kompyuta. Dafrosa hamkatazi. Kuchomoa, anasema, ni busara. Kosa lilikuwa kudhani kwamba aliyefuta ni mbingu.

Mshahara haujapanda. Aliuomba upandishwe Januari, akaambiwa asubiri msimu. "Nitasubiri msimu, halafu nitauomba kwa sauti kubwa zaidi," anasema.

Ana mambo mawili mbele yake. La kwanza ni kujiandikisha kwa mtihani wa maarifa wa watahiniwa binafsi, ili siku moja aweze kukaa kwenye mtihani wa kidato cha nne alioukosa kwa ajili ya ada. Izidori amemwachia vitabu vyake, na kamusi haitoki mezani. Aliyemcheka kwamba atakaa darasani na wajukuu alijibiwa kwamba wajukuu wana bahati, watakuwa na wa kumwigilizia.

Jambo la pili limekuja kwa simu, na aliyepiga ni Fakihi.

Kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa huko Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, nacho kimepewa kompyuta ya aina ileile. Kila asubuhi haifunguki. Fakihi ameshuka mara mbili, ameandika namba, zimefutika. Alipiga akamwuliza Dafrosa lile chaguo la katikati linapatikana wapi. Alimweleza, lakini kompyuta ya Ngumbo madirisha yake yamepangwa vingine, wakashindwa kuelewana kwenye simu. Mwishowe kijana huyo alisema neno ambalo Dafrosa analirudia kwa furaha asiyoificha.

"Aliniambia, 'Fundi, njoo mwenyewe.' Si mama. Fundi."

Atashuka baada ya Pasaka, kwa gari la mizigo, nauli akichangiwa na akina mama wenyewe. Amekwisha nunua daftari jipya la kurasa arobaini na nane na kulipiga mstari katikati, upande wa kushoto na upande wa kulia. Karatasi ya ukutani haichukui. Namba zile ni za Maguu. Ngumbo watakuwa na zao.

Nje, ngurumo nyingine inaanza kukusanyika upande wa ziwa. Yule mzee mwenye koti la mvua anainuka kwenda kuchukua kitenge. Dafrosa anaanza kuchomoa nyaya, ule wa dishi kwanza.

"Wameniambia watu wa kule wanataka kuitupa, eti ni mbovu," anasema bila kugeuka. "Nimewatumia ujumbe wasiitupe wala wasiendelee kuandika namba. Wakae nayo hivyohivyo. Mimi nakwenda kumtafuta meneja wao."